Ukomunisti wa Baba

Baba yangu hakuwahi kuwa mkomunisti. Naliweka hili mwanzoni kabisa kwa sababu mwenyewe alikuwa akitangaza kinyume chake kila Jumapili, tena kwenye kipaza sauti.

Kanisa letu la Wakongo lilikuwa Crystal, mji mdogo wa hapa Minnesota, kwenye ukumbi wa kupanga uliowahi kuwa duka la mazulia. Mchungaji akiuliza nani ana ushuhuda, baba alikuwa ameshasimama na anafunga vifungo vya koti. "Bwana asifiwe! Munaniona hapa, mimi nilikuwaka mukomunisti." Watu wanaitika "Eee!" kana kwamba ni habari ya leo asubuhi. Kisha inafuata milima ya Fizi kule Kongo, waasi, dawa ya maji ya kuzuia risasi, halafu ndeke, yaani ndege za vita, zinatokea upande wa ziwa na kukipiga kijiji, na mama yake anafia hapo hapo penye mihogo yake. "Mungu alitupiga juu ya ukomunisti wetu," alimalizia, "lakini mimi akaniacha, ili nimushuhudie." Vigelegele. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Ukweli wenyewe ni kwamba miaka hiyo ya sitini alikuwa mtoto, hata ndevu hazijaota. Waasi walipita kijijini wakamtwika sufuria, akapanda mlima nyuma yao, na baada ya majuma machache akatoroka. Aliporudi nyumbani alikuta kijiji kimeungua na mama yake amezikwa. Neno ukomunisti alilisikia baadaye, kwenye redio ya serikali iliyokuwa ikieleza kwa nini vijiji vile vilipigwa. Akalichukua likawa lake. Mtu aliyefiwa na mama namna ile anahitaji sababu, na sababu aliyopewa ilikuwa hiyo moja tu. Miaka mingi baadaye wahubiri wa kambi ya wakimbizi wakamwekea Mungu juu yake, shughuli ikaisha.

Haya yote yangebaki ya kuchekesha kama si dada yangu mkubwa. Sisi tulipoletwa Minnesota yeye alibaki kambini Kigoma, kwa kuwa alishaolewa na faili lake lilikuwa mbali na letu. Mume akamkimbia, akabaki na watoto. Tuliambiwa zamu yake inakaribia. Halafu ukaja ule mwaka ambao Marekani ilianza kuwafungia wakimbizi mlango, na faili la dada likarudishwa nyuma, kisha likanyamaza kabisa. Njia iliyobaki ilikuwa moja: baba awe raia, ndipo amwombee binti yake ruhusa ya kuja. Ni njia ya miaka mingi, najua, lakini ilikuwa njia. Dada akipiga simu hakuwa anasalimia tena. Anauliza tu, "Baba amefikia wapi?" Nilifika mahali naiogopa simu yangu mwenyewe.

Basi nikawa nampeleka baba kwenye darasa la uraia, chini ya kanisa moja la Wazungu kule Richfield. Mwalimu alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, anayefundisha kwa kujitolea. Ujana wake alipigana vita vya Korea, na vidole vya mguu wake mmoja vilibaki huko, vimeliwa na barafu. Baridi yetu ya Januari aliiita ya watoto wa chekechea. Pale Richfield ndege hupita chini sana zikienda kutua, na kila ilipopita moja baba alinyamaza katikati ya neno, mdomo wazi, mpaka iishe. Nilidhani ni kelele tu zinamkera.

Masomo aliyashika vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwalimu akiuliza wakati wa vita baridi Marekani iliogopa nini kuliko vyote, baba anajibu "Communism!" kwa furaha ya mtu aliyeulizwa jina la kijiji chake. Siku moja mwalimu akasema tufanye mazoezi ya usaili wenyewe. Akaanza kumuuliza yale maswali ya ndiyo na hapana. Umewahi kufungwa? No. Umewahi kudanganya serikali? No. Umewahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti? Baba akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Yes! Praise God!"

Mwalimu akaweka kalamu chini, akamwomba asimulie, nami nikawa natafsiri, sufuria, ndeke, mihogo na vyote. Mzee yule alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniambia mimi, polepole, kwamba baba akijibu hivyo huenda asikataliwe, lakini faili litawekwa pembeni lichunguzwe, na siku hizi kinachowekwa pembeni hakirudi. Tena, na hili nililijua mimi, kwenye makaratasi ya kambini mkalimani alishamwandikia "hapana" bila hata kumuuliza. Sasa akisema ndiyo, ataonekana alidanganya.

Nilimuuliza mwalimu kwa hasira, kama vile swali kalitunga yeye: mnaogopa nini kwa babu wa Fizi?

"Tulikufa wengi sana Korea," alisema, "na hatukushinda. Tuliporudi, wakubwa walikuwa wameshaapa ukomunisti usisogee tena hata hatua moja. Lakini hawakuwa na uso wa kuwaambia akina mama watoe tena watoto wao. Kwa hiyo wakaanza kutuma ndege, pesa na marubani wa kukodi kutoka nchi nyingine. Baadaye hata uso huo waliupata, wakapeleka watoto Vietnam. Ila Kongo ilikuwa kabla ya hapo. Kwenu ilifanyika kwa bei rahisi." Akasugua mguu wake. "Samahani," akasema. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Ndani ya gari nilimwambia baba, siku ya usaili sema hapana.

"Unataka nimukane Yesu?"

"Si Yesu, baba. Ukomunisti."

"Ushuhuda ni moja, mama. Ukitoa kipande, yote inaanguka."

"Na dada je? Afie kambini kwa ajili ya ushuhuda?" Nilikuwa napiga kelele. "Ulibeba sufuria, baba! Sufuria! Mkomunisti gani wa sufuria?"

Tukaiacha barabara kuu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kama sikuwa, alors, basi, ile ndeke ilimufuata mama yangu ya nini?"

Nikamjibu alivyonijibu mwalimu. Kwamba kulikuwa na vita mbali sana, kwenye barafu, viliwagharimu watu wa hapa watoto wao, wakatoka humo na hofu. Wenye kung'atwa na nyoka hushtuka wakiona ung'ongo, na sisi ndio tulikuwa ung'ongo. Jumapili iliyofuata mchungaji akauliza nani ana ushuhuda, watu wakageuka kumtazama, naye akabaki amekaa. Nilikuwa nimeomba miaka yote siku ile ifike. Ilipofika nilitamani asimame.

Siku ya usaili nilimngoja nje, ndani ya gari kwenye maegesho, hita ikiunguruma bila kuleta joto. Nilikuwa nimeishiwa hata maombi. Najua baba yangu: akifunga vifungo vya koti hakuna wa kumzuia. Nilipomwona anatoka, koti lilikuwa wazi na upepo unalichezea. Akaingia, akaniwekea karatasi mapajani. Amepita. Imebaki kula kiapo.

"Wameuliza ile?"

"Wameuliza."

"Ukasema?"

"No, madam." Ndege ikapita juu yetu, akanyamaza mpaka iishe. Safari hii nami nilinyamaza naye, maana sasa nilijua.

Simu ikaita. Dada, kama kawaida, bila salamu: "Baba amefikia wapi?" Nikampa baba simu mwenyewe.

"Nimepita, mama," akasema. Vigelegele vya dada vikajaa gari zima, na nyuma yake sauti za watoto wanaorukaruka bila kujua sababu. Baba akangoja vipungue.

"Niliwaambia sikuwaka mukomunisti."

"Na kweli hukuwa, baba!" dada akacheka. "Hiyo ya kanisani ilikuwa yako tu!"

"Ndiyo," baba akasema. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo kilichojaa ukungu. "Na mama yangu naye hakuwa. Alikuwa anaanika mihogo tu."