Ulimi wa Dhambi

Mwalimu Dominika alifundisha darasa la kwanza katika shule ndogo ya misheni nje ya Sumbawanga, enzi za Mwingereza, na kazi yake hasa ilikuwa kufungisha herufi ndoa. Ndivyo alivyowaambia watoto: n na y zikioana, hazina tena sauti mbili, zina moja tu, nya. Ch haikumsumbua. Ng' waliijua tangu zizini, maana ng'ombe ni ng'ombe hata kwa Kifipa. Balaa ilikuwa dh. Ufipa nzima, hata katekista, walisema zahabu, wakasema zambi, na mbingu hazikuanguka.

Dominika mwenyewe alifundishwa sauti hiyo na Adija, mke wa mwenye duka wa Mazwi, aliyesoma Kurani utotoni. "Toa ulimi kidogo, mwalimu, uubane taratibu kwa meno, halafu useme." Basi naye akawapanga watoto mstari, wakatoa ndimi. Hakufikiri zaidi ya hapo, na alipaswa kufikiri, kwani Mfipa gani asiyejua kwamba kumtolea mkubwa ulimi ni tusi?

Jioni hiyo mwanafunzi wake Kalista alisali na babu yake, Mzee Oswaldi. Walipofika penye neno dhambi, mtoto akatoa ulimi. Mzee akaona amekejeliwa, yeye na Mungu wake pamoja. Kesho yake Kalista hakuonekana darasani, na akina mama kisimani wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu anafundisha utovu wa adabu. Dominika aliogopa kwelikweli. Kama Kalista angeondoka, wasichana wote wangerudishwa kwenye mashamba ya ulezi.

Akaenda kwa mzee. Akapiga magoti mlangoni, akapiga makofi polepole ya heshima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Na wewe umekuja kunitolea ulimi?"

"Nimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu, si la mtoto. Neno lile lina herufi mbili zenye sauti moja, na sauti yenyewe haitoki mpaka ulimi uchungulie. Kuanzia sasa watafunika mdomo." Akaweka kiganja mdomoni. "Dhambi."

Mzee alikuwa mkaidi, lakini hakupenda kushindwa na jambo analoliweza mtoto. Akafunika mdomo naye.

"Zambi."

"Bado, babu," akasema Kalista, aliyekuwa akipepeta ulezi pembeni.

"Zambi!"

"Sioni unapokosea. Toa mkono," akasema mtoto.

Mzee Oswaldi akatazama njiani. Hapakuwa na mtu. Akaondoa kiganja, akamtolea mjukuu wake ulimi.

"Dhambi," akasema.

Kalista akaacha ungo, akampigia babu yake makofi. Asubuhi mzee mwenyewe alimsindikiza shuleni, na njia nzima alikuwa amefunika mdomo.