Chumvi Iliyotambua Maji

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, nilikuwa mwalimu pekee wa kemia katika shule moja ya upili nje kidogo ya mji wa Kakamega. Kisha akaletwa wa pili: kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe, amerudi kutoka masomoni ng'ambo na chupa ya chumvi ya rangi ya chungwa. Chumvi ya seriamu, alisema, mojawapo ya zile metali adimu za ardhini. Wiki haikuisha, wanafunzi wangu wakawa wanampelekea yeye maswali yao.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyenianzisha," aliniambia. Maneno hayo yalinichoma. Nilimwanzisha, naye akanipita.

Mkaguzi wa shule alipotarajiwa, kijana alipanga kuonyesha jinsi chumvi ile inavyotambua pombe. Ukiiyeyusha katika asidi ya nitriki iliyozimuliwa, unapata maji ya njano. Ukidondoshea spiriti, yanageuka mekundu. Asubuhi hiyo nilimtangulia maabara, nikamwaga spiriti yake dirishani, nikajaza chupa maji ya mtungini.

Darasa lilijaa, mkaguzi akakaa mbele. Kijana akadondosha matone ya chupa ile katika neli, kile kijibomba cha kioo chenye maji ya chumvi. Njano. Akadondosha tena. Njano vilevile. Mtu akacheka nyuma, nami nikaona raha moyoni.

Akainua chupa, akainusa. Hakunitazama.

"Chumvi imesema kweli," akawaambia. "Haya ni maji matupu."

Akafungua taa ya spiriti iliyokuwa mezani, akachota matone machache humo, akayatia katika neli. Neli ikawa nyekundu kama damu. Darasa zima likapiga makofi, na mkaguzi pia.

Tulipobaki wawili, aliniuliza polepole, "Mwalimu, ulitaka niaibike?"

"Ndiyo." Jibu lilinitoka kabla sijalifikiria.

"Kunusa kabla ya kuamini kibandiko, nilijifunza kwako," akasema, akaanza kuosha neli. Nilichukua kitambaa nikawa nazikausha.

Huku tukifanya kazi alinieleza kwamba kile kifuko cheupe cha karabai hulowekwa katika maji yenye chumvi ya metali hiyohiyo, kidogo tu. Kitambaa kikiungua, majivu yanayobaki ndiyo yanayong'aa. Miaka yote nilikuwa nikiwasha karabai nyumbani bila kujua.

Wivu haukuniisha siku ile. Ulipungua kiasi cha kuniwezesha kumuuliza swali la kwanza, kisha la pili.