Nilikwenda Timau Kumtetea Ng'ombe

Niliondoka Embu Jumamosi asubuhi kwa sababu ya simu ya shangazi yangu, Karimi, ambaye kwa Kimeru namwita tata. "Kuja haraka. Daktari wa mifugo anataka kuniondolea Makena. Wewe umesoma, utaniongelea." Makena ni ng'ombe wake. Nilifunga nyumba yangu hapa Dallas, mtaa wa Embu mjini, nikawasha gari, hoja zimenijaa kichwani.

Nikipita Chuka na Nkubu nilikumbuka likizo za utotoni. Shangazi anakamua, nami nimechuchumaa kando na kikombe cha bati, maziwa yanaingia moja kwa moja kutoka kiweleni, povu mpaka puani. Hadi leo, kila Desemba, hunipa kikombe hicho, na mimi, mama wa watoto watatu, hukipokea kama mtoto. Hakuna kitu cha mjini nilichowahi kukipenda vile.

Saa nne nilifika Timau. Shangazi alitoka akishika ukuta, magoti yamemkaza. "Ni baridi tu," alisema, kama alivyosema mwaka jana na mwaka juzi.

Daktari, msichana aliyevaa gambuti, alikuwa zizini. Nilimrukia kwa maneno, akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Makena ametupa mimba mara mbili," alisema. "Tumepima damu, ako na brusela. Huo ugonjwa unaingia kwa watu kupitia maziwa mabichi." Akamgeukia shangazi. "Shosho, hayo magoti yalianza lini? Na jioni husikii homa?"

"Naisikia," shangazi alisema. "Hakuna mtu amewahi niuliza."

Nilisikia aibu. Miaka yote nilidhani daktari wa mifugo ni wa mifugo tu. Mimi niliyesoma nimemwona shangazi akichechemea Desemba mbili, nikamnunulia sweta.

Alasiri lori la machinjio lilikuja. Shangazi alimpeleka Makena mwenyewe hadi langoni, akampapasa shingo, akarudi jikoni bila kutazama nyuma. Daktari alituandikia barua ya hospitali.

Jumatatu, nikirudi, nilimpitisha shangazi hospitalini Meru mjini. Muuguzi aliisoma barua, akamtoa damu, kisha akauliza, "Nani mwingine hunywa hayo maziwa?"

Shangazi alinitazama, machozi yakimlengalenga. "Nilikuwa nampea juu nampenda," alimwambia muuguzi.

"Najua, tata," nilisema, nikakunja mkono wa blauzi.