Cherehani Juu ya Keria ya Apollo

Pale mtaani Sherikat huna haja ya kuuliza Apollo ni nani. Ni yule mbeba mizigo wa baiskeli ambaye mzigo wake huonekana kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Wenzake hufunga kizito chini, pande mbili za gurudumu la nyuma, na wakifika mwinuko hushuka wakasukuma. Apollo hufunga kizito juu, ili watu waseme, "Ai, mwanaume yule!" Kusukuma, anasema, ni kazi ya punda. Mungu alimpa miguu yenye nguvu. Kilichobaki aliachiwa akitafute mwenyewe, naye hakukitafuta.

Ameshaangusha kreti za soda, ameangusha na mlango wa mtu, na kila mara yenye makosa ni barabara. Mkewe Sanyu ndiye huzunguka kuomba radhi. Yeye Mganda, mume Mwacholi, Kiswahili ndicho kilichowaoanisha. Basi hunung'unika kwa Kiganda, mume asielewe.

Safari hii mzigo ulikuwa wake Sanyu. Shule moja huko Nesitu ilimtaka akashone sare, na cherehani isipofika, kazi ingepewa mwingine. Na cherehani ile ya miguu, chuma kitupu, ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Baiskeli ilikuwa ikimlisha Apollo sifa.

Asubuhi Apollo akaanza kufunga. Chini blanketi na mto, katikati miguu ya cherehani, na kileleni kabisa kichwa chake, kinang'aa.

"Baba Phiona, chuma kishuke chini."

"Mama Phiona, wewe iko fundi ya nguo. Hii baiskeli iko yangu."

"Na cherehani iko ya nani?"

Jirani yao Marial, muuza makaa, alicheka mpaka akajishikilia ukutani.

Apollo akapanda, kifua mbele. Sanyu akafuata kwa miguu, karibu, macho kwenye chuma chake, akiomba kimoyomoyo. Kwenye mwinuko wa kwanza watu walikuwa wengi, kwa hiyo Apollo akasimama juu ya pedali apate kuonekana. Mzigo ukamvuta nyuma. Gurudumu la mbele likapaa kama beberu, na mwanaume yule akaketi vumbini. Kichwa cha cherehani kilichomoka. Sanyu akakipokea kwa kifua, wakaenda chini pamoja.

"Barabara hii mbaya sana," Apollo akasema, akijipangusa suruali.

Hata pole hakutoa. Sanyu akazungusha gurudumu la cherehani. Sindano ikapanda, ikashuka. Akamshukuru Mungu, akainuka, akafungua mipira yote ya tyubu iliyofunga mzigo. Kichwa akakining'iniza chini upande mmoja, miguu upande wa pili, blanketi juu. Akakaza, akaitingisha baiskeli. Haikuyumba. Baba yake alikuwa akifunga mihogo hivyo hivyo.

Marial akawapita, akisukuma baiskeli yake ya makaa. "Malesh, pole, Apollo! Leo punda ni nani?"

Sanyu akashika usukani. Mto ulikuwa umebaki chini, akamtupia mumewe.

"Beba hiyo. Usiiangushe."

Akasukuma mpaka Nesitu, na cherehani ikafika nzima. Apollo alifuata nyuma na mto wake, ameuweka kichwani, juu kabisa, watu wauone.