Nusu ya Pili Ilitangulia

Watu waliosoma vitabu vyake vya biashara walidhani nyumbani kwake hakukosekani kabati la vitabu vinene vya uongozi na uchumi. Lilikuwepo, tena sebuleni, na lilipanguswa vumbi kila wiki ili wageni wapate cha kutazama. Lakini vile alivyovisoma hasa vilikaa chumbani, upande wake wa kitanda: riwaya za mapenzi na za upelelezi, zimevalishwa karatasi za kalenda ili majina yasionekane. Kwenye semina, mtu akimuuliza husoma nini, alijibu, "Nawasoma ninyi." Ukumbi ulicheka, na wengine wakaliandika jibu hilo.

Alikuwa ameandika vitabu vitatu kuhusu mabadiliko kazini: kwa nini duka linalouza vizuri leo hufa kesho, na namna ya kumwambia mfanyakazi wa miaka mingi kwamba kazi yake imepitwa na wakati. Wenye maduka na mameneja wa viwanda walimwita Bwana Geuza. Nyumbani, kinyozi hajinyoi. Kiti chake kilifungwa waya mguuni na hakuna aliyeruhusiwa kukitoa, na mkewe alipobadilisha mapazia, yeye alizunguka chumba kama aliyeingia kwa jirani kimakosa, akauliza yale ya zamani yatarudi lini.

"Na hiki kiti," mkewe alimtania, "kimo kwenye sura ya ngapi ya kitabu chako?"

Akajibu kwamba kiti si kampuni.

Mapenzi yake ya riwaya yalitoka kwa baba yake, aliyekuwa fundi wa kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji. Mzee alileta nyumbani vitabu vilivyoharibika, vile ambavyo kurasa zake zilipishana au jalada lake liliingia kichwa chini. Watoto walikuwa wawili, yeye na mdogo wake, kitabu kimoja, na ugomvi haukuisha. Siku moja mzee alichukua kisu chake cha kazi, akakata uzi wa katikati na kukigawa kitabu mara mbili. Mkubwa alipewa nusu ya kwanza, mdogo nusu ya pili. Wakimaliza walibadilishana, kisha mzee alizishona tena nusu zile zikawa kitabu kizima.

Basi mdogo mtu alikua akijua miisho kabla ya mianzo. Aliwakuta watu wameshaoana au wameshauana, akakaa siku nzima akikisia walifikaje pale. Hakulalamika. Alisema mtu anayeanzia mwisho hadanganywi na mwandishi. Walipokuwa watu wazima na mdogo amerithi meza ya baba yao kiwandani, mchezo uliendelea. Mkubwa alinunua riwaya, mdogo akaikata na kubaki na nusu yake, na wakishabadilishana akaishona kwa mkono. Wake zao waliwacheka: wanaume wenye mvi wanagawana kitabu kama andazi.

Kisha mkurugenzi wa kiwanda kile alikisoma kitabu cha tatu cha Bwana Geuza, akampigia simu. Kiwanda kilikuwa kinazama. Alitaka mtu wa kukipima chote, idara kwa idara, na kusema ukweli.

Mkewe alimshauri akatae. Alimwambia watapata mwingine, na huyo mwingine hana ndugu mle ndani. Yeye akasema ndiyo maana haswa: mwingine angekata bila kuangalia anakata nini. Alikwenda. Alitembea kati ya mitambo na marobota ya karatasi akiwa na mkurugenzi pembeni, mpaka kwenye chumba cha kushonea, chenye harufu ya gundi na meza ndefu zilizochimbika kwa visu. Mdogo wake alikuwa ameinamia sindano. Hawakusalimiana kindugu, kwa sababu hawakutaka mafundi wengine waseme mwenzao ana mtu wa kumbeba. Alimsalimu kama alivyowasalimu wote, akapita.

Hesabu zake zilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomtesa baadaye. Mashine ya kubandika kurasa kwa gundi ingefanya kwa siku kazi ya chumba kizima, na bila hiyo kiwanda kingefungwa chote. Alieleza hayo katika nusu ya kwanza ya ripoti. Humo humo aliandika kwamba mafundi wa kushona wafundishwe mashine kabla ya kuondolewa yeyote, na kwamba mdogo wake, ambaye alimtaja kwa cheo tu, ndiye afaaye kuisimamia. Nusu ya pili ilikuwa fupi na kavu, kama mapendekezo yalivyo: chumba cha kushonea kifungwe.

Alitaka mdogo wake ajue kabla ya mkurugenzi. Lakini ulimi ulikuwa mzito, akafanya alilolizoea tangu utoto. Aliitenganisha ripoti katikati, akaweka nusu ya pili ndani ya bahasha na kumtumia ndugu yake, bila neno. Kwa akili yake ilikuwa heshima. Wangebadilishana, kama siku zote, na mdogo angeona jinsi walivyofika pale.

Mdogo mtu alisoma kwamba chumba chake kifungwe, na jina la kaka yake chini. Kesho yake Bwana Geuza alipomtuma mkewe na nusu ya kwanza, shemeji mtu alipokewa vizuri, akapewa kiti na chai. Bahasha haikupokewa.

"Mwambie kaka mwisho nimeshausoma," alisema.

Aliacha kazi kabla mashine haijafika, na hakukubali kuisimamia. Akaweka meza barazani kwake, akawa anatengeneza vitabu vya shule vilivyochanika. Kiwanda kilipona. Mkurugenzi aliwasimulia wenzake, na Bwana Geuza akaitwa kwenye semina nyingi zaidi.

Nje, hakuna aliyejua. Ile haikuwa familia ya kuanika vya ndani kwenye kamba ya nguo. Binti wa mdogo alipoolewa, ndugu wawili walikaa meza moja, wakapigwa picha bega kwa bega, na wageni wakasifu jinsi watoto wa fundi yule walivyolelewa. Walipokuwa wawili tu, walinyamaziana kama maji mtungini. Riwaya alizozituma mkubwa, nzima, zilirudishwa na salamu njema.

Jambo ambalo mke wa Bwana Geuza alilishuhudia, na wasomaji wake wasingeliamini, ni kwamba tangu hapo hakumaliza riwaya hata moja. Alisoma kwa hamu mpaka katikati, kisha akaifunga. Alisema akipita pale anahisi anasoma fungu la mwenzake. Kitabu cha nne nacho kilikwama vivyo hivyo. Mchapishaji alidai sura ya mwisho mpaka akachoka.

Alipoambiwa na daktari kwamba moyo wake hauna safari ndefu, alivaa koti akaenda mwenyewe kwa mdogo wake, mchana kweupe. Alimkuta barazani akipaka gundi mgongo wa kitabu cha hesabu. Walijuliana hali. Alikaa mpaka pumzi ikarudi, kisha akasema hakuja na karatasi. Amekuja kuisema kwa mdomo ile nusu ya kwanza. Akaisema yote, mashine, mafundi, na cheo alichomwombea.

Mdogo mtu alisikiliza bila kuacha kazi.

"Kaka, ungeanza na hiyo, mwisho si ungekuwa ule ule?"

"Ungekuwa ule ule."

"Basi sikukasirikia mwisho. Chumba kile hata mimi nilijua kinakufa." Aliweka brashi chini. "Siku ile ya bahasha nilisikia hodi, nikajua ni wewe. Nikatoka mbio, kumbe ni tarishi. Mimi nilikuwa mtu wa kuletewa na tarishi?"

Bwana Geuza, aliyewafundisha mameneja wangapi namna ya kumwambia mtu habari mbaya, hakutumia hata neno moja la vitabu vyake. Akasema tu, "Hapana, mdogo wangu."

Chai ililetwa, wakanywa. Waliongea habari za binti na za mvua. Alipoinuka kuondoka, mdogo wake alimshika kiwiko. Wakatoka hivyo, polepole, mdogo akiwasalimu majirani na kuwaambia anamsindikiza kaka yake. Majirani waliona ndugu wawili wanatembea wameshikana, na ilikuwa kweli.

Njia panda mdogo alimsimamishia teksi, akamsaidia kuingia, akaupeleka mkono mpaka kwenye bega lake na kuuacha hapo kidogo. Alimwambia afike salama na amsalimie shemeji. Kisha akafunga mlango.

Hakusema karibu tena.