Watu Kumi na Wawili Lamboni

Siku yangu ya kwanza ya usungusungu, Mtemi, ndiye mkuu wa ulinzi wa jadi kijijini, alinikabidhi upinde na filimbi akasema, "Ukisikia mwano, tema hata ugali ulio mdomoni." Mwano ni yowe la hatari. Nililiitikia miaka mingi hapa kwetu Kishapu, kisha nikaazimwa Mwakitolyo, dhahabu ilipowavuta wezi. Niliporudi nilijua ukamanda wa kikosi, chini ya Mtemi, ni wangu. Wakampa Masele! Masele niliyemfundisha mimi kuvuta upinde! Nikawa naibu wake. Iliniuma, sifichi.

Asubuhi moja wezi wapatao arobaini waliswaga ng'ombe wote wa mjane, Mama Kulwa. Tuliofika tulikuwa kumi na wawili. Kawaida yetu ilikuwa kufuata nyayo taratibu, huku mwano ukikusanya vijiji jirani.

"Tusubiri wenzetu," nilisema.

"Yaya, kaka," Masele alikataa, kwa adabu yake ile iliyonichefua. "Tukisubiri, Mama Kulwa amekwisha. Ng'ombe hawajanywa, na lazima wapite karibu na lambo. Baki nyuma na wawili, mpige kelele kama kijiji kizima. Mimi nawazunguka na wanane."

Kugawa watu kumi na wawili! Moyoni niliomba aumbuke. Mungu anisamehe.

Saa sita mchana sisi watatu tulipiga mwano. Masele, amelala nyuma ya tuta la lambo, akapiga mluzi wa kunyweshea, ule ambao kila ng'ombe wa Usukuma anaujua. Ng'ombe wenye kiu waligeuka mbio, wakawapita wezi katikati na kuwasambaratisha. Kelele nyuma, mishale mbele: wezi wakadhani wamezingirwa na jeshi, wakatimua. Hakupotea hata ndama. Watu walimbeba Masele juu juu. Mimi nilijifanya nahesabu ng'ombe.

Masele alipohamia Katoro, hatimaye nikapewa ukamanda. Mwaka huohuo wezi walivamia boma la mzee mmoja. Nilisubiri mpaka nikapata watu zaidi ya mia. Tulipofika mtoni, ng'ombe walishavushwa zamani.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana mnaniuliza wachache hushindaje vita. Niliona kwa macho yangu, nikashindwa kujifunza kwa sababu ya kijicho. Yule mzee aliyeibiwa hakunitukana. Aliwatazama watu wangu wote pale ukingoni mwa mto, akaniuliza kwa upole, "Kamanda, Masele anarudi lini?"