Mwanamke Aliyetaka Tumalizie Wimbo

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na simpi mwanafunzi alama kwa jibu lisilo na njia, hata liwe sahihi. Nakwambia mapema ili ujue unamsikiliza mtu gani. Sijawahi kuvaa hirizi, na mtu akinihadithia habari za paka aliyeongea huwa namuuliza aliongea lugha gani. Lakini hili nililiona kwa macho yangu, mchana kweupe, jua likiwa utosini, na wenzangu wawili waliliona pia. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi pia ningecheka kama lingempata mtu mwingine.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, Korogwe, na tulikuwa na bendi. Si bendi ya taarabu wala ya dansi. Tulipiga roki, tena ya kutunga wenyewe. Elia, mtoto wa wafugaji wa nyika za Handeni, alipiga gitaa na kuimba. Gitaa alijifunzia kanisani. Salehe, Mzigua wa Misima, alipiga dramu. Mimi nilipiga besi, na kwa kuwa ni msichana, watu walidhani nimemshikia mtu aliyekwenda chooni. Bendi tuliiita Mgao, maana kila tulipoanza kunoga umeme ulikatika.

Chuoni walituchoka kwa kelele. Tukapata ghala tupu kule Ngombezi, karibu na laini za zamani, zile nyumba za safu walizojengewa vibarua wa mkonge. Mzee mwenye ghala alituachia ufunguo, akatuomba tu tusivunje kitu. Kila Jumamosi baada ya kunywa chai tulipanda bodaboda, moja ikibeba dramu peke yake, na tukafanya mazoezi mpaka alasiri.

Tulikuwa tunapiga vizuri, sema ukweli ni kwamba tulifanana na kila bendi uliyowahi kuisikia. Hatukuwa na kitu cha kwetu. Basi Salehe alipotoka likizo akaja na kaseti ya marehemu babu yake. Babu huyo ujanani alikata mkonge Ngombezi, na jioni alikuwa mpigaji wa ngoma za kupunga pepo kwenye laini zile zile. Salehe aliikuta kwenye sanduku la babu akaiweka kwenye begi, hakumwomba bibi yake wala kumwambia.

Kama hujawahi kuiona ngoma ya pepo, nikueleze kidogo. Mgonjwa huketishwa katikati. Ngoma hupigwa mpaka pepo anampanda kichwani na kusema anachotaka. Kisha mdundo hubadilika, unampooza na kumshusha polepole, mtu anarudi kuwa mtu. Kwa hiyo ziko ngoma mbili, ya kupandisha na ya kushusha. Sisi wakati ule hatukujali hayo, tuliona midundo tu.

Na midundo yenyewe, nikwambie nini? Mapigo saba, halafu matano, halafu saba tena, yakikusukuma mgongoni. Katikati ya mapigo ilisikika pumzi ya mwanamke, ya haraka haraka, kama ya mtu anayepanda mlima na ndoo kichwani. Dakika ya nne ngoma ikakatika ghafla. Sauti ya mwanaume ikasema, "Ngojeni kwanza, nisikie imetokaje." Kisha tak, kaseti ikanyamaza.

Hapo ndipo nilipotia mkono wangu, na sitaki umlaumu mwingine. Midundo ile tuliigeuza wimbo, na Elia alitaka tuumalizie kwa kiitikio. Salehe alikuwa anasitasita.

"Oya, hii haijaisha," alisema. "Mnasikia? Imeachwa njiani."

"Ndiyo utamu wake huo," nikamwambia. "Tukate hapo hapo. Watu wakibaki na njaa watarudi."

Tukakata hapo hapo. Ile pumzi ya mwanamke Elia aliiingiza kwenye kompyuta yake ndogo, tukawa tunaicheza chini ya gitaa. Tuliupiga wimbo ule mara ya kwanza kwenye sherehe ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Tulipokata, ukumbi mzima ulipiga kelele mpaka mlezi wa wanafunzi akaja mbio kuona nani kaumia. Wiki haijaisha tukaalikwa kupiga Tanga mjini, kwenye tamasha la vyuo. Nilijisikia nimefika.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa ghalani. Ilikuwa kama saa saba mchana, bati linalia kwa joto. Tukaupiga wimbo, tukafika pale, tukakata.

Pumzi haikukata.

Nilidhani ni kompyuta. Elia naye alidhani hivyo, maana alinyoosha mkono akaifunga. Pumzi ikaendelea. Ilitoka nyuma yetu, upande wa ukutani, ambako hakuna mlango wala dirisha, na tulipogeuka tulimkuta amesimama.

Alikuwa mama wa makamo, amejifunga khanga mbili zisizofanana, zimepauka. Nywele zilikuwa timutimu, zimeshika nyuzi nyeupe za katani. Mabega yalikuwa yakimtetemeka. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni likadondoka, na mimi, sijui kwa nini, nikatazama sakafuni. Vumbi la sakafu lilikuwa kavu. Tone linaanguka, nalifuata kwa macho, halifiki.

"Shikamoo mama," Elia alisema. Ndivyo alivyolelewa.

Hakuitikia. Nisikilize vizuri: mtu mzima wa kwetu asiyeitikia shikamoo, mkimbie.

"Malizieni," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kistaarabu kabisa, imechoka tu. "Malizieni nishuke."

Nikajikaza. "Mama, wimbo wetu unaishia hapo."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na ninatamani hadi leo angekuwa nayo. Alinitazama kama mgonjwa anavyomtazama mtu anayemwambia subiri.

"Haujaisha," alisema. "Mimi ningali juu."

Akapita kati yetu, joto lake nikalisikia kama nimesimama karibu na jiko. Akamfikia Salehe, akamshika viganja viwili na vijiti vyake vya dramu, akavigeuza, akavitazama mbele na nyuma.

"Wewe una mikono yake," alimwambia. "Basi itafute."

Akamwachia, akatoka kwa mlango mkubwa. Elia akakimbia nje, nami nyuma yake. Mbele ya ghala pale ni uwanja mtupu na mkonge mchanga usiofika magotini. Ungemwona kuku. Hatukuona mtu.

Tukiwa njiani kurudi, Salehe alikuwa akigonga kwa vidole mgongoni mwa dereva wa bodaboda. Dereva akalalamika, tukacheka, kicheko cha uoga. Usiku ule Elia, aliyelala naye chumba kimoja, alimsikia akigonga ubao wa kitanda usingizini. Saba, tano, saba. Anafika pale tulipokatia, anasimama, anaanza upya. Jumatatu hakuweza kuandika notsi. Jumatano kikombe kilimshinda. Niliketi naye nyuma ya bwalo la chakula nikimshika mikono yote miwili kwa nguvu zangu zote, na vidole viliendelea kugonga ndani ya viganja vyangu. Alikuwa akilia bila sauti. Aliniambia, "Dada, nifanye nini? Siwezi kuizuia." Hospitali walimpima, wakamhoji kwa upole, hawakuona ugonjwa, wakampa dawa za kumtuliza. Alilala, lakini mikono haikulala.

Habari za Tanga zikafa zenyewe. Tulimpeleka Misima kwa bibi yake.

Bibi tulimkuta barazani akichambua kunde. Aliitikia shikamoo zetu huku akitabasamu, kisha akaiona mikono ya mjukuu wake. Ungo ulimtoka mapajani.

"Kaseti mmeitoa wapi?" aliuliza. Hakuuliza kama tunayo. Aliuliza tumeitoa wapi.

Salehe akamwambia. Yule bibi alimpiga kofi moja la begani, halafu akamkumbatia, halafu akakaa chini na kutusimulia, mara anakasirika, mara analia.

"Babu yako alinunua redio kaseti mpya," alisema. "Hakuna aliyekuwa nayo kwenye zile laini. Siku ya ngoma akaiweka pembeni imrekodi. Mwanamke alikuwa ameshapanda, yuko juu kabisa. Babu yako akasimamisha ngoma. Ili asikie! Ajisikie alivyopiga! Wanaume wakajazana kwenye redio, wanacheka, wanamsifu. Walipogeuka mgonjwa hayupo. Aliingia kwenye mkonge. Walimpata siku ya tatu, ameshakufa."

"Alikuwa nani, bibi?" Elia aliuliza.

"Jina silitaji. Watoto wake wako hai."

Kisha akamgeukia Salehe. "Na wewe hukujiuliza babu yako alikuwa anatetemeka nini? Mliambiwa ni uzee. Uzee gani wa mtu wa miaka thelathini? Nililala na mikono ile kitanda kimoja maisha yangu yote."

Nikapiga magoti. Sijawahi kumpigia mtu magoti kabla wala baada. Nikamwambia, bibi, kosa ni langu, mimi ndiye niliyesema tukate. Tufundishe ngoma ya kushushia, tutaipiga hata leo.

"Mwanangu," alisema, na safari hii hakuwa na hasira, "ningeijua ningemwacha mume wangu aende na mikono ile kaburini? Aliijua yeye peke yake, kila fundi na ngoma yake. Na tangu siku ile ilimtoka kichwani. Alikuwa akikaa hapo ulipo, ngoma mapajani, akifika pale pale anakwama. Miaka yote ile, hakuvuka hata pigo moja."

Usidhani tulikata tamaa hapo. Mafundi waliitwa, kutoka Handeni na kwingineko. Walipiga ngoma zao za kushushia, na vidole vya Salehe vilitulia kidogo, kama vinasikiliza. Halafu vikaanza upya. Fundi mmoja, mzee mwenye heshima zake, alisimama katikati ya kazi akaomba apelekwe nyumbani. Alisema kuna mwanamke amesimama nyuma ya kijana, anatikisa kichwa kwamba siyo hiyo.

Sasa ni miaka kadhaa. Elia anafundisha shule ya msingi huko kwao na haimbi hata kanisani. Besi yangu nilimpa mtu. Salehe hakumaliza chuo, angeandikaje ubaoni? Yuko Misima kwa bibi yake. Analishwa na kuvishwa kama mtoto, kijana aliyekuwa mzuri kuliko sisi wote. Naenda kumwona kila likizo, na kila nikiingia swali lake ni moja, "Umeipata?" Namwambia bado. Anasema sawa. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniua.

Lipo jambo jingine, na ndilo lililonifanya nikusimulie haya. Siku ile ya sherehe kuna waliorekodi kwa simu. Mwezi uliopita, stendi ya Handeni, niliusikia wimbo wetu kwenye simu ya kijana wa duka la vifaa. Saba, tano, saba, na pumzi ile chini yake, halafu kimya. Akaurudisha mwanzo, tena na tena. Nilimsihi aufute. Akaniambia, "Tatizo nini dada, mbona kali hii?"

Kwa hiyo nakuomba. Ukitumiwa wimbo wa gitaa wenye mwanamke anayehema, unaokatika kabla ya kuisha, ufute, na usimpelekee mwenzako. Wewe unayepiga muziki, ukichukua kitu cha wazee waulize kwanza kinaishaje, na wasipojua mwisho wake kirudishe ulipokitoa.

Na kama kwenu kuna mzee aliyewahi kukaa kwenye ngoma za laini za Ngombezi, hata kama alikuwa mwitikiaji tu, hata kama anakumbuka vipande, usimwonee haya kumuuliza. Mlete Misima, ulizia nyumba ya kijana wa mikono, utaonyeshwa. Usituletee kaseti. Mlete mtu mwenyewe akiwa hai, akae mbele ya Salehe na ngoma yake, na akishaanza, chonde, asisimame mpaka mama yule ashuke.